Kabla Hamjainunua, Washeni Moto

Bondeni, Nakuru
Alhamisi, alasiri

Mwanangu Mmbone,

Umetoka kwenda kuwaaga walimu wenzako, na mimi nimebaki na sanduku lako hapa mlangoni. Nimelifunga kamba kwa sababu ya kile kitasa ambacho nimeahidi kukitengeneza tangu ulipokuwa mwanafunzi. Nimelizunguka nikienda na kurudi kama mtu aliyepoteza kitu, mwishowe nimeona afadhali nikae niandike. Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako, chini ya shali. Usiisome garini. Nakujua. Ukiisoma garini utashuka Njoro na kurudi kuniuliza maswali, na mumeo atasimama stesheni ya Molo akiangalia mabehewa matupu.

Sitakuandikia habari za kuvaa sweta wala kuchemsha maji. Baridi ya Molo itakufundisha yenyewe, na ina haraka kuliko mimi. Nataka kukuandikia juu ya nyumba.

Jana jioni uliniuliza, "Baba, nyumba ya zamani inaangaliwaje kabla ya kununuliwa?" Nadhani ulijuta kuuliza, maana nilieleza mpaka chai yako ikafanya utando. Nilikuambia uingie ndani jua likiwa utosini, ufunge milango na madirisha, uangalie paa, kwani penye tundu patang'aa kama nyota. Nilikuambia uchome kisu chini ya nguzo, pale inapogusana na ardhi, kwa kuwa mchwa huanzia hapo, na nguzo iliyoliwa ndani huonekana nzima kwa macho. Nilikuambia ugonge mbao kwa kifundo cha kidole usikilize, na uweke limau sakafuni uone linabingirikia upande gani. Nikakueleza hata ardhi yetu ya Nakuru, jinsi ilivyo majivu ya mlima uliolipuka zamani, na jinsi inavyoweza kudidimia baada ya mvua kubwa. Uliitikia kwa kichwa kwa heshima, ingawa nyumba yenyewe iko Molo na ardhi ya Molo ni nyingine kabisa.

Yote niliyosema ni kweli, na uyafanye. Lakini sikumaliza. Kilichobaki kinamhusu mama yako, na kinamhusu mumeo Yohana, na mimi siku zote nimeona ni rahisi zaidi kuzungumza habari za mchwa.

Jumapili iliyopita Yohana alipokuja kutuamkia, alikaa kwenye kiti cha mlangoni akatueleza habari za nyumba hiyo. Ni kijana mzuri, anazungumza na mkwewe kwa adabu, na nilimsikiliza kwa furaha. Nyumba ya mbao za mtarakwa, alisema, ya mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao na sasa anarudi kwao Kisii na mkewe. Mabati hayavuji. Mbao hazijaoza. Mzee anataka jibu Jumapili hii, na ninyi mtakwenda kuiona Jumamosi. Halafu akasema, "Na tena, baba, si nyumba ya kukaa. Tutakaa kidogo tu. Tukipata nguvu tutajenga nyumbani."

Nilikuwa nimeinua kikombe. Nilikirudisha mezani bila kunywa, na wewe ukaniuliza kama chai haina sukari.

Mmbone, maneno hayo niliyasema mimi. Nayasikia mpaka leo kwa sauti yangu mwenyewe, katika ua wa nyumba hii hii, na wewe ukiwa mgongoni kwa mama yako, umelala, huna habari. Sikuweza kumjibu Yohana. Si desturi yetu mkwe kumwingilia mkwe katika mambo ya nyumba yake, na pia hakuniuliza. Lakini wewe uliniuliza.

Nyumba hii aliyeiuza ni Mzee Marjan. Alikuwa askari wa zamani, mrefu, mwenye tarbushi nyekundu iliyofifia, na alikuwa akihamia Eldama Ravine kwa binti yake. Ardhi ilikuwa ya baraza la mji, kama ilivyo sasa; anayeuza alikuuzia kuta na paa tu. Mimi nilikuwa nimeacha ualimu nikaingia bohari la mizigo la reli, na tulikuwa tumechoka kukaa chumba kimoja cha wafanyakazi, tukisikia jirani akigeuka kitandani. Nilikuja kuiangalia kwa makini sana. Nilifunga milango nikatazama paa. Mzee Marjan alinifuata nyuma, mikono mgongoni.

"Mwalimu, unatafuta nini huko juu?"

"Tundu, mzee."

"Ukiliona niite. Nimelala chini ya paa hili tangu nilipotoka vitani na halijawahi kunionyesha."

Nilichukua kisu nikaanza kuchoma nguzo moja baada ya nyingine.

"Na hiyo imekukosea nini?"

Niligonga kuta, nikazunguka nyuma nikatazama kama msingi umepasuka, nikapima sakafu kwa limau nililokuja nalo mfukoni. Nilipomaliza nilitoka uani nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na nilikuwa nimeridhika, kwa kuwa sikupata kosa. Mama yako alikuwa ameketi mkekani na mke wa Mzee Marjan, Bi Zainabu, wakichambua mboga kama watu waliojuana zamani.

"Mama Mmbone," nikamwambia, "nyumba ni nzima."

"Nimesikia. Sasa nipishe niwashe moto."

"Moto wa nini? Chai tumekwisha kunywa."

"Nataka nione moshi unaenda wapi."

Mzee Marjan alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Binti yangu, unanunua nyumba au unafungua mkahawa?"

"Baba," mama yako akamjibu, bila kuinua sauti, "mume wangu ameangalia atakapolala. Mimi naangalia nitakaposhinda."

"Haya, washa, washa. Lakini kuni ni zangu, nami nitataka chai ya pili."

Mimi niliona haya. Nilitazama ukuta wa jirani nikijifanya ninapima urefu wake. Niliona mke wangu anatuaibisha mbele ya mzee wa watu, anawasha moto katika jiko la mwenyewe kana kwamba amekwisha kumtoa. Wewe unalijua jiko lile, kile kibanda cha pembeni mwa ua. Ulikuwa wakati kama huu wa alasiri, na wakati kama huu upepo wa ziwani huanza kupanda mjini na vumbi lake jeupe. Moto ulishika. Moshi ulitoka kibandani, ukainuka kidogo kufika usawa wa paa, kisha ukainama. Ukapita uani, ukaingia kwa mlango wa nyuma, ukafuata ule ukumbi wa katikati ya vyumba mpaka chumba cha mbele, na humo ukasimama. Wewe uliamka ukakohoa.

Mama yako aliufuata mpaka mbele, akarudi, akamwangalia Bi Zainabu. Hakumwuliza mzee. Alimwuliza mwenye kupika. "Mama, ni hivi kila siku?"

Bi Zainabu aliendelea na mboga zake. "Asubuhi ni nyumba nzuri sana, mwanangu. Alasiri mimi hukaa barazani."

"We bibi!" Mzee Marjan akasema. "Unauza au unafukuza wateja?"

"Nauza. Lakini mwenzangu ana mtoto."

Tulicheka sote, na mimi nilicheka zaidi ya wote ili jambo lipite. Mama yako alinivuta kando akaniambia kwa lugha yetu kwamba nyumba ni nzuri na anaitaka, ila tuhamishe jiko lije pembe ya pili ya ua, au tufungue dirisha katika chumba cha mbele, upande wa mlima Menengai, moshi ukiingia upate pa kutokea. Si kazi kubwa, alisema. Fundi mmoja na siku chache.

Nikamjibu, "Rasoa, hii si nyumba ya kukaa. Ni ya kazi tu. Tutajenga nyumbani."

Hakubishana. Alirudi kibandani, akauzima moto kwa maji kidogo kidogo ili majivu yasiruke, akampelekea Mzee Marjan chai yake.

Nataka uelewe kwamba sikusema vile kwa ubaya. Sote tuliotoka Maragoli kuja kufanya kazi ya reli tulisema hivyo. Ungemkuta mtu amelala Bondeni mwaka mzima, watoto wake wanacheza Bondeni, deni lake la sukari liko duka la Bondeni, na ukimwuliza anakaa wapi atakuambia Maragoli. Kwetu ni mahali pamoja tu, penye makaburi ya wazee, na kwingine kote ni pa kujikinga mvua. Mtu aliyepaka rangi nyumba ya mjini tulimcheka. Tulimwuliza kama amehamia kwa wazungu.

Viti vile vinne vya mvule, je, unavikumbuka? Huenda unakumbuka magunia. Nilivinunua kwa Mhindi aliyekuwa anafunga duka, vizuri, vya miguu iliyochongwa, na siku hiyo hiyo nikavivika magunia na kuvishona, kwa ajili ya nyumba ya Maragoli ambayo ilikuwa bado haina hata msingi. Vilikaa humu chumba cha mbele miaka, vimevaa magunia yao, na sisi tukikalia masanduku. Mgeni akija tulimkaribisha sandukuni. Uliwahi kupanda juu ya kimoja ukatoboa gunia kwa kidole ili uone kilichomo, nami nikakuchapa. Mama yako aliniangalia siku ile. Baadaye, akilishona tundu, alisema tu, "Ametaka kuona kiti, Baba Mmbone."

Dirisha aliliomba tena. Nilimwambia tununue mabati kwanza. Akaliomba mara nyingine, nikamwambia saruji ya sakafu ya nyumbani. Baada ya hapo hakuomba. Alianza kupika asubuhi, kabla upepo haujageuka, na chakula cha jioni kukifunika kwa kitambaa. Nami nikaanza kulalamika kwamba nakula chakula baridi. Jioni moja, mbele ya wageni kutoka bohari, nilimwuliza kama kuni zimekwisha mjini. Wageni walicheka. Alinipakulia, akaenda kukaa barazani na shali yake, mahali pale pale alipokuwa akikaa Bi Zainabu.

Ungefikiri mtu mwenye macho angeona. Lakini mimi nilikuwa na macho ya paa. Mvua kubwa ikinyesha usiku nilikuwa naamka, nasikiliza, hakuna tone, narudi kulala nikiwa na amani. Nyumba hii haijavuja hata leo. Nguzo hazijaliwa. Sakafu haijashuka. Kila nilichokagua siku ile nilikikagua sawasawa, na ndiyo maana nimechelewa sana kuelewa.

Kuta za nyumba ya Maragoli zilipofika usawa wa paa, tulikubaliana mama yako aende akasimamie mafundi, wewe ubaki nami kwa kuwa ulikuwa umeanza shule. Nilimsindikiza stesheni. Viti vilipakiwa, bado vimo magunini, na nilifurahi kuviona vinakwenda kwao. Yeye alibeba sufuria yake kubwa mkononi, hakukubali iingie katika behewa la mizigo. Nilimtania kwamba kule kuna sufuria. "Nikimaliza paa nitarudi," alisema, "lakini sijui litachukua muda gani."

Paa lilikwisha. Kisha alikuwa amepanda viazi na mtama, akangoja avune. Kisha bibi yako, ambaye umepewa jina lake, akaugua, naye akamwuguza mpaka mwisho. Kisha ndugu zako wakazaliwa, na shule yao ikawa karibu na kule. Hakuna siku aliyosema harudi. Alikuja kututazama, akafagia, akakaa barazani alasiri, akaondoka. Mimi nilikwenda kila Krismasi na zawadi, nikawekewa kiti kizuri, na watoto wangu mwenyewe wakaniamkia kwa aibu kama wanavyomwamkia mchungaji.

Krismasi moja, wewe ukiwa umelala, nilimwuliza, "Rasoa, utarudi lini?"

Alikuwa jikoni kwake, nami nimesimama mlangoni. Alinitazama kana kwamba nimeuliza njia ya kwenda mahali asipopajua. "Nirudi wapi? Kaa wewe, Baba Mmbone. Hapa moshi unatoka."

Nilicheka. Niliporudi kazini nikawasimulia wenzangu, nao wakacheka. Nilichukua maneno yale kuwa utani wa mke, nikayabeba miaka yote hiyo kama utani.

Wewe ulibaki na mimi. Ulijifunza kupika kabla mikono yako haijafika juu ya sufuria. Nakumbuka alasiri moja ulisimama pale mlango wa nyuma, mwiko mkononi, macho yanatiririka, ukasema, "Baba, moshi wa nyumba yetu hauna adabu." Nikacheka pia. Naona nilikuwa mtu wa kucheka sana. Nikakueleza jinsi upepo unavyopanda kutoka ziwani hewa ya mjini ikipata joto, na ukaelewa vizuri, ukarudi kwenye moshi.

Nilipostaafu ningeweza kwenda. Nilijiambia siwezi kumwacha binti peke yake mjini, naye ndiyo kwanza ameanza kufundisha. Ukaolewa. Nikajiambia ni lazima umalizie muhula wako hapa. Tangu harusi yenu mmeishi kama nilivyoishi na mama yako, Yohana kwenye chumba chake cha kazi kule Molo, wewe hapa kwangu, mkionana Jumapili. Nami niliona ni jambo la kawaida. Kesho gari moshi litakuchukua, na sababu zangu zote zitakwenda nalo.

Kwa hiyo nakuomba Jumamosi ufanye hivi. Yohana aangalie paa, nguzo na mbao. Ni kazi nzuri, usimnyime. Wewe mtafute yule mama wa Kisii, mke wa mwenye nyumba. Kaa naye. Kama anachambua kitu, chambueni pamoja. Usimwulize kama nyumba ni nzuri, maana atasema ndiyo kwa ajili ya mumewe. Mwulize alasiri hukaa wapi. Mwulize ukungu wa asubuhi ukishuka huanika wapi nguo za watoto, na usiku wa baridi kali huhamishia vitanda upande gani. Mtu aliyekaa mahali anajua, na akiulizwa na mtu anayetaka kweli kujua, atasema.

Kisha omba kibali uwashe moto. Yohana ataona haya. Atatazama ukuta wa jirani. Mwache aone haya, hakuna anayekufa kwa hilo. Uangalie moshi, naye umwite auangalie. Ikiwa unarudi ndani, si lazima muikatae nyumba. Mama yako hakuikataa hii. Alisema nyumba ni nzuri na anaitaka, na akasema lipi la kurekebisha. Nyumba zote za zamani zina jambo lao. Nawaomba mlirekebishe mwaka wa kwanza, kabla hamjalizoea na kabla mmoja wenu hajaanza kulizunguka kimya kimya.

Na mwulizeni pia mzee kwa nini anaondoka, msikie kwa kinywa chake kwamba anaondoka kwa hiari. Miaka hii ya hali ya hatari nyumba nyingi zimeachwa na watu ambao hawakutaka kuziacha. Niliwahi kupelekwa kuona moja, upande wa pili wa mji, ya bei ya kutupa. Vikombe vilikuwa bado mezani. Wenyewe walikuwa wamepakiwa kwenye lori na askari. Aliyenipeleka alikuwa ananiambia, "Mwalimu, tazama paa, jipya hilo!" Kwa mara moja maishani mwangu sikutazama paa. Nilitoka nje. Hilo angalau nililifanya vizuri, na nakuachia.

Jambo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu utalazimika kumwambia mumeo. Mkimaliza kuangalia, na mkiwa peke yenu njiani, akisema tena kwamba mtakaa kidogo tu, usinyamaze. Mama yako alinyamaza kwa heshima, nami nikadhani amekubali. Mwambie mtakaa. Mwambie hujui kama ni mwaka au ni maisha, ila kwamba siku zitakazopita humo ni siku zenu kamili, si za kungojea nyingine. Jengeni nyumbani, ndiyo, mkipata nguvu. Wazee wanastahili hilo. Lakini viti mkivinunua, vikalieni. Kama atakuuliza umepata wapi maneno haya, mwonyeshe barua. Afadhali aone ujinga wangu leo kuliko aurithi.

Nimesimama kidogo kuwasha moto, nikupikie kabla hujarudi. Upepo umekwisha geuka. Moshi umeinama kama siku ile, umeingia kwa mlango wa nyuma, umepita ukumbini, na sasa umo humu chumba cha mbele, umekaa na mimi na sanduku lako. Usione maji ya macho kwenye wino ukadhani baba amelia. Au dhani upendavyo.

Ni ajabu jinsi nyumba ilivyo kubwa. Nilipoinunua niliona vyumba vinatubana. Leo nimekwenda chumbani kwako kuchukua kalamu, nikasahau nilichofuata, nikasimama. Umeondoa ile picha ya kwaya na pamebaki alama ukutani, peupe, pa umbo lake. Nikajikuta nagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ni mzima.

Wiki ijayo nitamwita fundi afungue dirisha upande wa Menengai. Kuna mke wa mfanyakazi mmoja wa reli ambaye amekuwa akiulizia kama nitaiuza nyumba hii; akija nitampa kuni zangu mwenyewe, nimwambie awashe. Nikishamaliza hilo nitapanda gari kwenda Maragoli, na safari hii sitakwenda na zawadi za Krismasi.

Nimefikiri nitakavyofika. Nyumba ile nimeilipia mabati, saruji na mafundi, nimelala humo kama mgeni, lakini sijawahi kuiangalia. Sijui alasiri jua linaingia wapi. Sijui mama yako hukaa pembe gani akiwa amechoka. Basi nitabisha hodi mlangoni kama mnunuzi. Nitasema, "Mama, nimesikia kuna nyumba hapa, naomba kuiona." Sitatazama paa. Nitamwomba kibali nikae jikoni kwake, awashe moto, nami niuangalie moshi ukitoka.

Hana sababu ya kunikubalia, Mmbone. Miaka ni mingi, na amezoea nyumba isiyo na mimi kama mimi nilivyozoea isiyo na yeye. Anaweza kunikaribisha kiti kizuri, na hapo nitajua nimekuja kutembea tu. Lakini akicheka, akaniuliza kama nanunua nyumba au nafungua mkahawa, nitajua pa kuweka mzigo wangu.

Namsikia jirani akikusalimu njiani. Naifunga barua.

Baba yako,
Zakaria